Dang'a ya Kwanza ni ya Jirani

Nilikuwa saluni, Overport hapa Durban, kichwa nusu kimesukwa, wifi yangu aliponitumia video ya sherehe ya historia ya kaunti yetu huko nyumbani. Acha nikuambie, rafiki yangu, nilichemka mpaka msusi wangu, Mkongomani, akaacha kusuka. "Dada, iko nini? Nimekuumiza?"

Msemaji jukwaani alikuwa kaka yangu. Eti ardhi ile tangu zamani ni yetu peke yetu, hakuna jamii nyingine iliyowahi kukaa pale. Uongo mkavu, tena mchana kweupe!

Utotoni mwetu, jirani yetu alikuwa mama wa kabila jingine. Wao walilima, sisi tulifuga. Ng'ombe wetu akizaa, dang'a, yale maziwa yake ya kwanza, haikuonjwa nyumbani kabla haijafika kwake. Bibi hakuwa na mchezo: "Mkila ya kwanza peke yenu, ndama hatasimama." Ile dang'a ya manjano, imechemshwa ikagandamana, harufu imejaa jiko zima, nasi tunameza mate tu. Kaka ndiye aliyebeba sufuria, maana mimi ningedokoa njiani. Na haikurudi tupu hata siku moja. Ilirudi na viazi vitamu, vya moto, vingine vimepasuka ngozi.

Mume wa jirani alipofariki, alizikwa nyuma ya ghala lao. Kaka, kijana tayari, alishika jembe akachimba na wanaume wengine. Alilia kuliko watoto wa marehemu.

Halafu ukaja uchaguzi mmoja, nyumba zikachomwa, yule mama akakimbia na nguo aliyovaa. Sasa ni mzee, na ameomba jambo moja tu: akifa, alazwe kando ya mumewe. Wakubwa wa pale wamemjibu watafikiria. Wafikirie nini, jamani?

Nikaisimamisha ile video. Nyuma ya jukwaa zilionekana nguzo za ghala la yule mama, zimeungua nusu. Jukwaa walikuwa wamelijenga juu ya kaburi la mumewe.

Nikampigia hapo hapo. "Kaka, ulisimama juu ya nani?"

"Mdogo wangu, pale hakuna kaburi. Wewe uko Durban, hujui mambo ya huku."

"Sijui? Haya, ng'ombe akizaa siku hizi, dang'a unampelekea nani?"

"Tunakula wenyewe."

Nikakata simu. Yule mama bado anangoja jibu, na aliyelichimba lile kaburi ndiye anayeapa halipo.