Siku Niliyong'oa Mipamba ya Mavyaa

Wenzangu, nyie mnaniona leo nachambua mboga nimefumba macho, lakini niliolewa sijui mchicha, na kutojua huko kulikaribia kuanzisha vita Mtunda siku ambayo haikupangwa na mtu yeyote. Wanangu sijawasimulia, maana aibu yenyewe haina mahali pa kuishikia.

Mimi nilizaliwa kule chini, mto unakogawanyika kuingia baharini, baba yangu akiuza nguo na chumvi, na kwetu mboga ilikuja mlangoni imeshafungwa mafungu, wewe kazi yako kuipika tu (na hata hiyo kupika alipika shangazi). Nikaolewa na Selemani wa Mtunda, watu wa jembe, na kabla sijazoea hata kuchota maji mume wangu akachukuliwa upagazi wa Wadachi, nikabaki na mavyaa wangu, mama yake Selemani, mwanamke asiyesema sana, ambaye kila asubuhi alikuwa ananiangalia mikono yangu laini na kushusha pumzi.

Basi asubuhi moja akaenda kuhani msiba kijiji cha jirani, akaniambia, "Palilia pale uani, mwanangu. Usichokijua uniulize nikirudi." Hapo ndipo mkosi ulipoanzia, kwa neno hilo la kuuliza, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshachoka kuuliza. Nikasema moyoni leo atakuta uani kweupe, ajue Selemani kaoa mke.

Nikaanza. Majani yote nikayaona ndugu. Mengine niliyaacha kwa kuwa yana maua mazuri, mengine nikayang'oa kwa kuwa yamekaa kiburi. Sasa kule pembeni, karibu na ua, kulikuwa na safu ya vishina vigumu vilivyokatwa juu, vinachipua majani kama ya bamia lakini bamia sizioni, nikasema hili ni gugu lililokwisha kukatwa likakaidi. Nikavivuta kimoja kimoja mpaka mgongo ukalia. Na kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba gugu ukiliacha chini linashika tena, nikavitoa nje ya ua, nikavilaza njiani juani, mizizi juu, nimevipanga sawasawa kutoka upande huu wa njia mpaka upande ule, kama baba anavyopanga majora dukani. Nikarudi nyuma nikaitazama kazi yangu. Ilipendeza.

Ilikuwa mipamba. Mavyaa aliipanda mwenyewe, kwa tambi za taa na kwa pamba ya kuwatengenezea maiti wa kijiji, na alikuwa ameikata baada ya kuvuna ili ichipue. Na kitu ambacho kila mtu Mtunda alikijua isipokuwa mimi, mgeni, binti wa mwenye duka (nani angeniamini kwa siri), ni kwamba kule milima ya Umatumbi watu walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa viboko, kulikuwa na maji ya dawa yanayogeuza risasi kuwa maji, na ishara ya kwamba siku imefika ni moja tu: mipamba kung'olewa.

Wa kwanza kupita alikuwa jirani yetu, mama mmoja mchangamfu, ana mtungi kichwani. Akafika penye vile vishina akasimama. Nikamwamkia. Hakuitikia. Akautua mtungi taratibu, akauacha palepale njiani, akarudi alikotoka, na hakukimbia, alitembea kama mtu anayemkwepa nyoka. Nikadhani kasahau kitu.

Halafu vinu vya kijiji vikaanza kunyamaza. Nyie mnajua asubuhi ya kwetu ilivyo, kila nyumba kinu kinalia. Basi nikasikia nyumba ya mbali imeacha, kisha ya karibu, kisha ya jirani, mpaka ikabaki sauti ya jembe langu tu, nami nikaliweka chini kwa kuona haya ya kupiga kelele peke yangu. Wanawake wakaanza kupita nyuma ya nyumba wamebeba watoto na mikeka, wanaelekea porini. Watoto wenyewe hawakulia. Nikamuuliza mmoja, "Kuna nini, dada?" Akanitazama miguu, si uso, miguu, akasema, "Wewe ndiye wa kutuambia."

Nikaingia ndani nikanawa. Nilipotoka, wanaume walikuwa wamejaa nje ya ua.

Sikuwasikia wakija. Walikuwa wamekaa chini kimya, miili inang'aa mafuta ya mbarika, vichwani wamejifunga mabua ya mtama, na nyuso nilizozizoea, za watu wanaonunua tumbaku na kutaniana, zilikuwa kama zimeazimwa na watu wengine. Mbele yao alikuwa baba mdogo wa mume wangu, Mkumba, mtu mpole. Akasema kwa sauti ndogo,

"Mwanangu, nani kakutuma?"

Mimi nikadhani wanashangaa bidii yangu. "Nimejituma mwenyewe, baba."

"Umeamka nalo?"

"Nimeamka nalo. Tangu nije hapa nayaona yamejaa, yanakula ardhi ya watu, nikasema leo nayang'oa yote."

Wakatazamana. "Yote?" akauliza.

"Lisibaki hata moja," nikasema, tena kwa majivuno, Mungu anisamehe. "Nimeyageuza mizizi juu, yasirudi tena."

Mzee mmoja nyuma akaanza kulia bila sauti, machozi yanateleza kwenye mafuta. Mkumba akainama, akachota mchanga niliposimama, akaufunga kwenye pindo la nguo yake. Kijana mmoja akaambiwa nenda, akaondoka mbio kuelekea vijiji vya mbele. Hapo nikajua hatuzungumzi kitu kimoja, ila kujua ni kipi nilishindwa.

Ndipo mavyaa akatokea njiani. Akaiona mipamba, akawaona watu, akaniona mimi. Hakupaza sauti.

"Nani kaniulia mipamba yangu?"

"Ni magugu, mama," nikasema.

Akawageukia wale wanaume. "Mmesikia? Anasema magugu." Akanishika mkono, akanirudisha uani, wote wanaangalia kwa juu ya ua. Akagusa jani. "Hili nini?"

"Mchicha."

"Kishonanguo. Na hili?"

"Kunde?"

"Ndago. Mchicha wangu uko wapi?"

Nikamwonyesha lundo la takataka. Tukazunguka uani pote hivyo, ananiuliza, nakosea, ananiuliza, nakosea, na jambo linaloniamsha mpaka leo ni kwamba katika watu wote wale hakuna aliyecheka. Ningepewa hata kicheko kimoja ningeshukuru. Walinitazama kama watu wanaosomewa hukumu.

"Hajui kitu," mavyaa akawaambia. "Na mtu wa jumbe wa Wadachi anapita hapa kabla ya adhuhuri. Akiikuta hivi, askari wataichoma Mtunda na nyinyi hamjajiandaa."

Mkumba akawa wa kwanza kuingia. Wakaokota mipamba, wakapiga magoti na mafuta yao mwilini, wale watu waliokuja kwa vita, wakaanza kuipanda tena moja moja, wakishindilia udongo kwa viganja. Mtu wa jumbe alifika wakiwa wanamwagilia. Akasimama. Alikuwa mtu wa palepale, macho yake yakapita kwenye mabua ya mtama vichwani, yakapita kwenye udongo mbichi.

"Mnapanda?"

"Tunapanda," mavyaa akasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, na hakuwahi kutaja habari ile, sijui kwa hofu au kwa kuwa naye alikuwa anangoja.

Ile mipamba ilikauka yote. Yule kijana walimrudisha kabla hajafika mbali. Lakini asubuhi ya pili Mkumba alikuja peke yake, akanikuta nafagia.

"Niambie kweli, mwanangu. Hata ndoto? Hata sauti kidogo?"

"Hakuna, baba. Nilikosea tu."

Akatikisa kichwa polepole. Nilitegemea atapumua, kumbe uso wake ulianguka kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Ishara ya kweli ilikuja kutoka milimani baada ya siku chache tu, na safari hii Mkumba hakumuuliza mtu. Akaenda vitani na wengi wa wale. Hatukupata hata wa kuzika. Selemani alirudi na mguu mmoja mbovu, ikaja njaa, na katika njaa hiyo mavyaa alinifundisha majani yote tena, sasa kwa ajili ya kuyala. Wapo waliokufa wakiamini kwamba nilitumwa nikaficha, na wanawake wengine hawakuwahi kunitazama usoni tena.

Basi mimi nimeapa: sing'oi jani uani kwa mtu mpaka mwenyewe anisimamie, na mtu akiniuliza nani kakutuma, namuuliza kwanza, kunituma kufanya nini.