Maziwa ya Shosho Nyaguthii

Jumanne, katikati ya Julai. Manyunyu tangu asubuhi, Mlima umejificha siku ya nne, na vidole vyangu havishiki kalamu vizuri. Wasichana wa chama chetu cha wafugaji wameniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukipima maziwa. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo nikikosea, aliyesoma zaidi anisahihishe. Lakini liko jambo moja ambalo nikilikumbuka, mpaka leo moyo unaruka.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha kupokea maziwa huko juu ya Kiganjo, Meneja wa ushirika alinikabidhi sanduku. Ndani mlikuwa na silinda ndefu, laktomita na themomita. Laktomita ni kijiti cha kioo chenye tumbo zito chini na namba shingoni. Unakiacha kielee ndani ya maziwa. Kikombe cha maziwa ni kizito kuliko kikombe hicho hicho cha maji, kwa hivyo maziwa safi yanakisukuma juu, nacho kinasoma ishirini na sita au zaidi. Ukitia maji, kinazama na namba inashuka.

"Mzani utakuambia ni kilo ngapi," Meneja alisema. "Hauwezi kukuambia ni kilo za nini. Hiyo ni kazi ya laktomita. Haina shangazi, haina jirani. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, Meneja."

Themomita sikuiulizia. Nilidhani ni ya homa, nikampa daktari wa ng'ombe. Aliifurahia sana, akaitumia mahali ambapo sitaandika.

Ng'ambo ya barabara aliishi Shosho Nyaguthii, bibi mjane mwenye wajukuu wawili na ng'ombe mmoja. Wakulima wengine walishuka kutoka upande wa msitu, mwendo wa saa nzima, mitungi yao ikipigwa na baridi. Yeye alikuwa akisikia tumefungua mlango ndipo anamaliza kukamua, anavuka povu likiwa bado juu. Wiki yangu ya pili, laktomita ilisoma ishirini na tano kwa maziwa yake. Nilimrudisha. Kesho yake nikamrudisha tena, na kesho kutwa tena.

Foleni haikumhurumia.

"Shosho, kwani ng'ombe yako imekunywa mto yote?"

"Ati mwenye anakaa karibu ndiye anatuibia!"

Sheria ilikuwa mara nne, jina linafutwa, na hapakuwa na mnunuzi mwingine katika mteremko wote ule. Siku ya nne Meneja alikuja mwenyewe na kitabu cha wanachama. Nilimimina, nikaachilia laktomita. Ishirini na tano. Meneja akatoa kalamu.

Shosho hakulia. Alisema, "Niko na ng'ombe moja tu, Meneja. Ukinifuta, hawa watoto watasoma na nini? Mungu ananiona, sijaweka maji."

Mimi nilikuwa nimekumbatia silinda kwa mikono miwili, naogopa hata kumtazama. Ndipo nikahisi vidole vyangu vinapata uhai. Asubuhi hiyo nilikuwa tayari nimeshika maziwa ya watu kadhaa, yote baridi kama mawe. Haya peke yake yalikuwa yananipasha.

"Meneja, tungoje kidogo."

"Tungoje nini?"

"Sijui. Yapoe."

"Yapoe? Kwani ni uji?" Foleni nzima ilicheka.

Lakini alingoja, hilo lazima niliseme. Nilitumbukiza silinda kwenye ndoo ya maji ya mfereji, yale yanayoshuka kutoka Mlimani yakikata kama wembe. Meneja akasimama juu yake mtu yeyote asiguse. Povu likaisha. Laktomita ikaanza kupanda! Ishirini na sita. Mzee mmoja akaacha mtungi wake akaja kuchungulia, kisha wote wakaja. Ishirini na saba, wakawa wanahesabu kwa sauti kama watu wa mpira. Ishirini na nane. Ilipogusa ishirini na tisa, nilipiga kelele mpaka nikaona haya.

Maziwa yakiwa na joto huvimba kidogo, na povu huyatia hewa. Uzito ni ule ule, lakini umekaa mahali papana zaidi, kwa hivyo kila kikombe kinakuwa chepesi. Laktomita yetu ilitengenezewa maziwa yaliyopoa, digrii ishirini.

"Themomita iko wapi?" Meneja akauliza.

Nikasema ukweli, mbele ya watu wote. Akasema, "Irudishe. Uioshe sana." Akafunga kitabu, akawaambia watu kwamba yeye ndiye hakunifundisha. Angeweza kuniachia aibu yote.

Baadaye nilihamishiwa Timau, nikiwa chini ya Msimamizi wa kituo aliyeamini macho yake kuliko kifaa, na mara nyingi macho yake hayakukosea. Nilimalizia Nyeri mjini, maabara, chini ya Mkaguzi mpole. Kote nilianza kwa kushika silinda kwanza.

Mwaka jana nilipostaafu, Shosho alikuja kuniaga kwa mkongojo. Nilimwomba msamaha kwa zile siku tatu.

"Mbili," akasema.

"Mbili gani, Shosho?"

"Ulinikosea mbili. Hiyo ya katikati niliweka maji. Mlikuwa mmeniita mwizi bure, nikasema basi wacha nilifanyie kazi hilo jina." Akacheka mpaka akakohoa. "Siku ukiyaandika, yaandike yote. Na jina langu usifiche."

Na kweli, siku ile ya katikati laktomita ilishuka hadi ishirini na mbili, nami nikadhani ni jicho langu. Nimefikiria sana kosa la siku hiyo ni la nani. Yeye alitia maji, lakini mimi ndiye niliyemwaibisha kwanza. Nimeligawa nusu kwa nusu, na bado sina hakika kama nimempunja.

Jioni tumekula githeri na parachichi.