Mstari wa Bingwa Mchangani

Tarehe saba Agosti 1954, Jumamosi. Mvua ya mawe ilipiga Eldoret asubuhi, ikaacha saa sita, jua likatoka kama halijui lolote.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari, na chini yake nikaandika kwamba leo lazima niseme ukweli. Nilisoma mpaka standadi tatu tu, kwa hivyo sijui kama kuandika kunanisaidia kusema ukweli au kunanifundisha kuupamba. Nitajaribu.

Sisi tulicheza mpira wa wavu kwenye mchanga, wawili kwa wawili. Nyasi nzuri zilikuwa za Wazungu na gofu yao; matope yalikuwa yetu bila ubishi. Mchanga ulikuwa wa Mhindi mmoja mwenye kandarasi za ujenzi, aliyeuchota kutoka mto Sosiani na kuumwaga nyuma ya yadi yake. Jumamosi mchana alituachia, mradi tuusawazishe. Wavu ulikuwa wa samaki, umetoka Kisumu ukiwa mzee tayari, na siku ya jua harufu yake ilitukumbusha kazi yake ya kwanza.

Bingwa alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, karani wa mizigo pale stesheni. Alikuwa bingwa tangu kabla ya vita. Alistaafu mara tatu. Mara ya kwanza tulimpa blanketi, ya pili blanketi, ya tatu tukamwambia anayo ya kutosha, akarudi mchezoni wiki iliyofuata. Tumbo lilikuwa linafika kwenye wavu kabla yake. Nisimwonee: zamani aliruka kweli, na vijana wote wa mjini waliojua kupiga huo mpira walifundishwa na yeye, bure.

Lakini miguu ilipochoka, kisigino kikajifunza kazi. Mistari tulichora kwa mpini wa jembe, na mchanga haushiki mstari. Kila baada ya pointi, bingwa alitembea polepole, akaufuta kwa kisigino mstari wa nyuma yake na kuuchora upya, ati anaurekebisha, ndani kidogo. Kufika jioni upande wake ulikuwa saizi ya kitanda. Mipira ya wapinzani ikawa inaanguka nje, nje, nje. Mwamuzi wa mistari nilikuwa mimi, kwa sababu watu walisema sipendelei mtu.

Hiyo Jumamosi walikuja vijana wawili wa kiwanda cha magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, viganja vyeusi kwa kazi. Shemeji alikuwa ametangaza kwamba siku atakayoshindwa hatakanyaga tena mchanga. Kabla hawajafika, nilizika vigingi viwili kwenye pembe za nyuma za upande wake, pale mstari wa kweli ulipopita. Nikajiambia nitavifukua kukiwa na ubishi tu. Labda niliomba kusiwe na ubishi.

Ukatokea. Vijana walikuwa na pointi kumi na nne, bingwa na mwenzake kumi na tatu, na mchezo unaishia kumi na tano. Mpira ukaanguka nyuma ya mstari. Bingwa alikwisha kuinua mkono kwamba ni nje, akanitazama kama mtu anayengoja chai yake iletwe. Nikapiga magoti, nikafukua vigingi, nikavuta kamba kutoka kimoja hadi kingine. Mpira ulikuwa ndani, tena ungeweza kulaza mtoto kati yake na kamba.

Watu walicheka. Mzee mmoja Mnandi akasema hajaona mpaka ukihamishwa hivyo mchana, mbele ya watu, isipokuwa alipokuja Mzungu.

Bingwa hakubisha. Alijipangusa mchanga, akaniuliza taratibu:

"Shemeji, hivi vigingi uliviweka kwa sababu ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu mwaka wa blanketi la kwanza.

"Basi mimi nilichora, wewe ukaita nje. Tumekuwa mabingwa wawili."

Akawapa vijana mkono, akaenda zake stesheni, viatu mkononi. Mchangani hakurudi tena.

Nyumbani mke wangu aliuliza nani ameshinda. Ningeweza kuishia kwenye vigingi, lakini nilimweleza yote, hata hayo maneno ya mwisho. Akasema kaka yake amekosea kitu kimoja tu: yeye angalau alikuwa anatoa jasho. Kisha akafunika sahani, akampelekea kaka yake chakula kwanza. Aliporudi tukala, ugali umepoa, mboga ya mrenda haina chumvi. Sikuuliza chumvi.