Kinanda cha Selotepu

Ukipita Dengfeng, mtaa wetu hapa Guangzhou, asubuhi, kabla wauza simu hawajafungulia muziki wao, utasikia selotepu. Inavutwa kutoka kwenye roli nene, inalia kama kitambaa kinachopasuliwa, inazungushwa kwenye mabunda ya kwenda Mombasa. Wengine hukunja uso. Mimi husimama. Ile harufu ya gundi hunirudisha sebuleni kwetu, chini ya meza ya kulia, kilipokuwa kinanda cha Mjomba Hamisi.

Niseme mapema kwamba kinanda chenyewe hakikuwapo. Vilikuwa vipande vya selotepu ya kahawia alivyobandika sakafuni, kila kimoja mahali pa kibao cha kukanyagwa. Mjomba, kaka yake mama, aliwahi kupiga kinanda katika bendi ya jazi ya hoteli moja ya Mombasa, mikono ikipiga wimbo na miguu ikipiga besi. Bendi ilipovunjwa akahamia kwenye chumba kidogo chenye magodoro ukutani, akawa prodyuza wa vijana wa mwanzo mwanzo waliofokafoka kwa Kiswahili. Kisha mama akamwita Guangzhou amsaidie kufunga mikoba aliyokuwa akiinunua kwenye soko la Shiling.

Hayo alitusimulia yeye mwenyewe, na aliisimulia Dengfeng nzima. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuamini. Nilizikagua kanda zake zote. Jina lake halikuwamo hata kwenye moja.

Kila jioni, baada ya chakula, alivua viatu akakanyaga selotepu zake kimyakimya. Mara alisimama, akasema "Ah!" kwa uchungu, akarudia.

"Mjomba, unajuaje umekosea na hakuna sauti?"

"Nasikia."

"Unasikia wapi?"

"Dada," alimwambia mama, "huyu mtoto wako ni askari wa forodha." Mama alicheka mpaka akaweka sahani chini.

Ndipo akaja Kevo, kijana wa Nairobi aliyekuwa akisomea uhandisi hapa kwa ufadhili. Alikuwa na mashairi na biti ya kompyuta, lakini besi yake, alisema, ilikuwa imekufa. Majigambo ya mjomba yalikuwa yamemfikia. Akatafuta duka la vinanda ambalo mwenyewe, mama mmoja tuliyemwita laoban kama tulivyomwita kila mwenye duka, alikubali tutumie kinanda kikubwa chenye vibao vya miguu kabla wateja hawajaanza kuingia. Sharti lake moja: sauti isitoke. Hedifoni tu, na waya wa kwenda kwenye kompyuta ya Kevo.

Niliomba kwenda nao. Nilitaka kuumaliza ubishi. Kwenye metro mjomba alikanyaga sakafu kwa ncha za viatu njia nzima. Akishindwa, Dengfeng nzima ingejua kabla ya chakula cha mchana.

"Mzee, usiniangushe," Kevo alisema huku akitafuna chingamu. "Nimeshawaambia mabeshte wote chuoni."

"Wewe shika kompyuta yako."

Dukani, mjomba akavua viatu. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akakanyaga. Sisi tulisikia mbao tu: ko, ko... koko. Mikono ilibaki mapajani. Niliisubiri iinuke, iruke huku na huku kama alivyotuhadithia. Haikuinuka. Kevo akavaa hedifoni zake. Akaacha kutafuna. Bega likaanza kucheza, kisha midomo, maneno yakimtoka kwa kunong'ona.

Nikamvuta Kevo shati, akanivalisha zake. Nilisikia noti nne. Noti nne zikizunguka, na nafasi pana kati yake.

"Hivi tu?" Sauti yangu ilimfanya laoban aweke kidole mdomoni.

"Hivi tu, mama," alinijibu mjomba, jasho likimtiririka. "Kwingine kote ni kwa Kevo."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Alikuwa na kinanda kizima mbele yake, shahidi asiyeamini pembeni, na asubuhi moja ya kunifunga mdomo. Akampa Kevo.

Mwaka jana tulihama. Mjomba alikuwa chini barabarani akiwasimulia wabeba mizigo habari za hoteli, kwa Kichina chake cha sokoni, nami nikabaki juu kuzibandua selotepu. Nyingi zilikuwa zinang'aa kama zimebandikwa jana. Nne zilikuwa zimekwanguliwa na kisigino hadi sakafu ikaonekana.

Bila shaka nilijiuliza: labda ndizo zilizokuwa karibu na kiti. Nikakivuta kiti nikakaa alipokuwa akikaa. Moja kati ya zile nne ilikuwa mbali hivi kwamba nilipounyoosha mguu ilibidi nishike meza nisianguke. Zile zinazong'aa zilikuwa palepale, chini ya vidole vyangu, zinakanyagika bila taabu.

Kupiga noti nyingi alikuwa ameshajua tangu hotelini. Na ile "Ah!" ya kila jioni, nadhani, ilikuwa ya mguu uliogusa selotepu ya tano.