MKE WANGU ALIKUFA JUMANNE, CHUO KIKAMLETEA MITIHANI ALHAMISI

Mke wangu alikufa Jumanne asubuhi. Alhamisi, saa nne, kengele ya mlango ikalia.

Nikadhani ni watu wa maua. Kufungua, kijana wa vifurushi ananikabidhi boksi zito.

"Terauchi Chizuru yupo? Saini hapa tafadhali."

Yupo. Amelala chumba cha pili, barafu kavu kifuani, uso umefunikwa kitambaa cheupe. Nikasaini mimi.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi za mitihani mia mbili na kitu. Juu yake barua: "Asante kwa kazi yako nzito. Tafadhali rudisha alama kabla ya tarehe kumi na mbili Februari."

Jamani. Maiti asahihishe mitihani.

Nisije nikawachanganya, ngoja nijieleze.

Naitwa Masakatsu. Ni fundi lipu, hizi kuta za udongo za nyumba za zamani hapa Kyoto. Kwetu ni Kishiwada, kule Osaka, watu wa kusema ukweli usoni. Shule niliishia miaka mitatu ya sekondari ya chini, nikashika mwiko. Mpaka leo gazeti nalisoma kwa kidole.

Chizuru alikuwa kinyume changu kwa kila kitu. Mzaliwa wa Kyoto, daktari wa falsafa. Alisomea siasa za nchi yetu na jinsi tunavyoongea na mataifa mengine.

Watu waliniuliza sana, fundi lipu ulimpataje msomi?

Nilimpata kwa ujinga wangu. Nilikuwa natengeneza ukuta kwao. Jioni moja mama yake akaniambia kwa sauti tamu, "Fundi, karibu basi ule hata wali wa chai." Nikasema asante mama, nikavua viatu, nikakaa, nikala bakuli mbili za wali uliomwagiwa chai.

Kumbe kwa watu wa Kyoto, ukiambiwa karibu wali wa chai, unaambiwa nenda kwenu!

Mama alibaki amekodoa macho. Binti yake alicheka mpaka akatoka nje. Alinifuata getini, bado anafuta machozi.

"Wewe kaka, unajua ni mtu wa kwanza mji huu kuula huo wali?"

"Ulikuwa mtamu," nikamwambia.

Baada ya mwaka mmoja tukaoana.

Sasa kazi yake. Chizuru alitumia miaka minane kuandika kitabu juu ya neno moja. Neno lenyewe ni lile la wakubwa: "Tunalifanyia kazi."

Usicheke. Alinieleza kwamba inasimuliwa zamani mkubwa wetu mmoja alimjibu mkubwa wa Marekani neno la namna hiyo, kwenye mabishano ya biashara ya nguo. Mkalimani akalitafsiri kama ahadi. Wamarekani wakangoja, wakangoja, mwisho wakawaka. Kwao limekuwa ndiyo. Kwetu lilikuwa hapana iliyovaa suti.

"Nchi nzima inaendeshwa kwa hilo neno, Masa," aliniambia. "Mimi kazi yangu ni kulivua suti."

Kwa akili hiyo ungedhani walimpa ofisi kubwa. Thubutu! Miaka kumi na nne alikuwa mwalimu wa mkataba. Vyuo vinne kwa wiki, begi la magurudumu, treni hii, treni ile. Hana meza. Vitabu vyake vilikaa kwenye kabati la chuma, mlangoni pameandikwa namba, hata jina hakuna.

Wale wa kudumu wanakaa chini ya kiyoyozi. Watu wa mkataba ndio wanaofundisha. Ndivyo wakubwa walivyopanga, na watakufa wamekaa hivyo hivyo.

Mwaka juzi, majira ya kuchipua, kiti cha kudumu, yaani kazi ya uprofesa, kikatangazwa kwenye chuo kimojawapo. Kiti cha mahusiano ya kimataifa, kitu chake kabisa. Akaomba.

Sijawahi kumwona akitaka kitu vile. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili anaamka anaimba jikoni.

Mwezi wa kumi akarudi nyumbani, akaketi.

"Nimekutana na Profesa Kuwabara." Huyo ndiye mkuu wa idara.

"Kasemaje?"

"Amesema suala langu wanalifanyia kazi kwa mtazamo chanya."

Mimi niliposikia "chanya", masikio yakaziba. Nikaruka. Nikaenda sokoni mbio nikanunua samaki mwekundu, yule wa sherehe, mzima na kichwa chake. Kesho yake nikawatangazia mafundi wote kazini, mke wangu anakuwa profesa. Wakaanza kuniita Mume wa Profesa.

Yeye alimla yule samaki. Akasema umemchoma vizuri. Basi.

Wiki hiyo hiyo nikamwona ameshika mgongo, anainama kama bibi kizee. Chakula anakisukuma sukuma.

"Chizuru, unaumwa. Twende hospitali?"

Akaniangalia. Kisha akatabasamu, akasema kwa sauti ya mawaziri:

"Nalifanyia kazi."

Tukacheka wote wawili. Nikaenda kuoga.

Nilijua anachoogopa. Akilazwa, vipindi vitakatika. Vikikatika, nani atampa kiti mgonjwa? Nikasema moyoni, mtu mzima huyu, anajua mambo yake. Apate kiti kwanza.

Alifundisha Novemba. Alifundisha Desemba amekaa, kusimama hawezi. Katikati ya Januari akamaliza kipindi cha mwisho, akatunga mtihani, akarudi nyumbani, akaanguka mlangoni viatu miguuni.

Kongosho. Ilishasambaa.

Daktari alisema, "Mngekuja vuli..." halafu akaanza kupanga karatasi zake.

Alikaa siku kumi na moja.

Ndiyo hiyo Alhamisi boksi linafika. Nikapiga simu chuoni. Akapokea dada wa ofisi, anaitwa Itani.

"Mke wangu amefariki," nikasema.

"Oo. Pole sana, mzee. Pole mno." Nikasikia anapekua karatasi. "Sasa... karatasi zimefika salama?"

"Zimefika."

"Mwalimu alikuwa ameshaanza kusahihisha?"

"Dada, zimefika leo. Amekufa juzi."

"Naelewa, mzee wangu. Naelewa kabisa. Basi hilo suala tunalifanyia kazi."

Nilikata simu. Nilitaka kuirusha ukutani, na ule ukuta niliupiga lipu mwenyewe.

Tulipomaliza kumchoma na kuokota mifupa yake kwa vijiti, kama desturi yetu ya mazishi, nilirudi nyumbani na wazo moja tu. Hawa watu wamemuua. Nitafute ushahidi. Labda humo kwenye mitihani kuna kitu alichowaambia wanafunzi juu yao. Nikikipata, naenda nacho kwenye magazeti, nachana mtu.

Nikavuta meza ya moto, ile yenye blanketi na joto chini yake, nikachukua kamusi yake, nikaanza asubuhi.

Swali lilikuwa moja: "Serikali inapojibu 'tunalifanyia kazi', upande wa pili ufanye nini? Toa mfano."

Karatasi ya kwanza, mambo ya samaki na mipaka ya bahari. Sikuambulia kitu. Ya pili, kambi za jeshi. Ya tatu, mtoto wa watu kachora paka, kaandika, "Samahani mwalimu, sikulala."

Ya sita ndiyo iliyoniua.

Mwandiko wa msichana, mdogo mdogo, safi. Naiandika kama ilivyokuwa:

"Mwalimu alitufundisha kwamba nchi ikiuliza mara moja, hiyo ni adabu. Ikiuliza mara ya pili, ndiyo imeuliza. Mfano ni ule aliotupa kipindi cha mwisho. Mwezi wa kumi mume wake alimwuliza kama waende hospitali. Akamjibu, 'Nalifanyia kazi.' Mume akaenda kuoga. Mwalimu alisema alibaki mezani akisubiri aulize tena. Alisema, angeuliza tena ningevaa viatu. Darasa zima tulicheka."

Nikaisoma tena. Kidole neno kwa neno.

Nikachukua ya saba. Haina. Ya nane. Ipo! "Mume wa mwalimu hakuuliza mara ya pili." Ya kumi na moja, ipo. Ya kumi na nne, mvulana kaandika kwa kujiamini: "Kosa la mume huyu ni kudhani kwamba kimya ni heshima."

Watoto wa miaka ishirini. Wanajua. Darasa zima linajua. Mimi niliyelala naye miaka ishirini na sita ndiye nisiyejua.

Kwetu Kishiwada ukiuliza umeuliza! Mtu akisema sitaki, hataki. Nani alinifundisha kwamba mke wa Kyoto anaulizwa mara mbili? Mama yake? Yeye mwenyewe? Alicheka ujinga wangu siku ya kwanza, akaupenda, akaishi nao, na mwisho ukamzika.

Nililia mpaka jirani akaja kugonga.

Lakini hasira haikuisha, nisidanganye. Ilibadili njia tu. Nilifunga lile boksi, nikalibeba begani kama mfuko wa chokaa, nikaenda chuoni.

Profesa Kuwabara alinipokea vizuri. Suti nyeusi, akainama mpaka kipara kikaonekana. Chai ikaletwa.

"Bwana Terauchi, tumempoteza mtu adimu sana."

"Nataka kuuliza jambo moja," nikasema. "Kile kiti. Mlikuwa mnampa au hamkuwa mnampa?"

"Aa, suala hilo lina mambo mengi. Kuna kamati, kuna bajeti..."

Zamani ningeinuka. Safari hii nikakaa.

"Profesa. Mlikuwa mnampa au hamkuwa mnampa?"

"Kunywa chai kwanza, bwana, itapoa."

"Mimi ni fundi. Ukuta ukiulizwa una maji au hauna, haukuletei chai. Nauliza mara ya tatu. Mlikuwa mnampa?"

Akaangalia dirishani. Akavua miwani. Nilidhani ataniitia walinzi.

"Hapana," akasema. "Kiti kilishapata mtu tangu Julai."

Julai.

Samaki nilinunua Oktoba. Mgongo ulianza kumuuma Oktoba. Alifundisha Novemba na Desemba kwa ajili ya kiti ambacho mtu mwingine alishaambiwa ni chake tangu Julai!

"Kwa nini hukumwambia?" Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine.

"Nilimwambia."

"Ulimwambia mnalifanyia kazi!"

"Ndiyo." Naye macho yalikuwa mekundu, simsingizii. "Bwana Terauchi, mke wako ndiye bingwa wa neno hilo. Ameliandikia kitabu kizima, nami nilikisoma. Kati ya watu wote nchini... nilidhani yeye ameelewa."

Sikumpiga. Watu wananiuliza kwa nini hukumpiga. Ningempiga vipi? Na mimi nilidhani.

Nikamsukumia boksi.

"Sahihisha mwenyewe," nikamwambia. "Anza na ya sita."

Nikatoka.

Mpaka leo sijui kitu kimoja, na hakuna wa kumwuliza. Je, Chizuru alielewa siku ile ile, akaninyamazia, akaendelea kufundisha, kwa sababu niliruka kama mtoto na nilishawatangazia watu? Au maisha yake yote alilivua suti neno la wengine, na siku lilipomjia yeye, kwa hamu tu, akaliamini?

La kwanza likiwa kweli, nilimuua mimi. La pili likiwa kweli, walimuua wao. Mimi nimechagua kuamini yote mawili, kila mtu abebe fungu lake.

Ndugu msomaji, kama una mtu wako ndani na unamwona ameshika mgongo, muulize. Akikujibu vizuri, akikuchekesha, usiende kuoga. Muulize tena. Akikukasirikia, muulize tena.

Na nyinyi mnaokaa kwenye viti, mnaojua jibu tangu Julai, semeni hapana. Ni neno fupi. Mtu atalia usiku mmoja, asubuhi ataenda hospitali.