Zamu ya Nyangumi Mmoja

Wiki iliyopita barabara ilifungwa, basi la shule likazungukia nyuma ya hospitali ya Lewisham, nikaliona jengo letu la zamani. Limezungushiwa mabati na madirisha yametolewa. Kule ghorofa ya tatu, palipokuwa jiko letu, ukuta bado una rangi ya kijani aliyoipaka mama. Sikumwambia msichana niliyekaa naye. Unanijua, mimi si mtu wa kusema mambo ndani ya basi. Nikaona heri nikuandikie wewe, rafiki yangu.

Tulipoishi pale, kila Jumapili baada ya ibada, ngazi zote zilinuka sombe. Mama alichemsha yale majani ya muhogo yaliyogandishwa mpaka vioo vikalowa mvuke, nami nilisonga ugali wa fufu hadi mabega yakauma. Mlango ukigongwa, tulijua ni jirani wa ng'ambo ya korido. Yeye na mama walifanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Alitoka Alaska, katika watu wa asili wa pwani ya kule. Alikuja London na mume Mwingereza, mume akaondoka, yeye akabaki. Kwetu aliingia na kisu chake cha mviringo kama kipande cha tikiti, akampara samaki wa sokoni kabla mama hajamaliza kumenya vitunguu.

Mama alikuwa na Kiingereza cha kazini tu, na jirani hakujua Kiswahili, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi, mtoto wa miaka tisa niliyeshindwa hata kuitikia jina langu darasani. Ilikuwa adhabu. Lakini ndivyo nilivyosikia mambo ambayo watoto hawaambiwi.

Kwao jirani, watu walikuwa wawindaji wa nyangumi weupe. Waliwala, ngozi pamoja na mafuta yake, na aliposimulia alifunga macho. Utotoni mwake ghuba ilijaa migongo myeupe. Baadaye nyangumi wakapungua, wakazidi kupungua. Watu wa serikali wakawa wanawahesabu kwa ndege kila kiangazi, na wazee wa kule wakakubaliana nao: nyangumi mmoja tu kwa mwaka, familia zipokezane zamu, na hesabu ikiwa mbaya asiwindwe hata huyo mmoja.

Mwaka ule zamu ilikuwa ya baba yake. Mzee mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mapafu, na alikuwa na mjukuu wa kiume ambaye hajawahi kumwona nyangumi akipasuliwa. Alitaka kitu kimoja kabla hajafa: amshike yule kijana mkono, amwonyeshe pa kuanzia kukata, na fungu la kwanza liende kwa nani.

Mama akalipeleka jambo hilo kanisani. Wamama wa kwaya wakafunga. Mchungaji akaomba kwa sauti kubwa, katika ule ukumbi tuliokodi, kwamba muzee wa kaskazini apewe nyangumi wake, na sote tukaitikia amina. Jirani hakujua.

Jumapili moja aliingia bila kisu. Alikuwa ametoka kupiga simu kwao, kadi ya kukwangua bado iko mkononi. Akasema hesabu imetoka. Nyangumi mmoja ameruhusiwa. Nikatafsiri. Mama akainua mikono yote miwili, mwiko ukidondosha mchuzi.

"Baba ameirudisha zamu," jirani akasema. "Amewaambia wamwache yule nyangumi."

Mama alinitaka nirudie, akidhani nimekosea.

"Muulize kama ule muzee iko na akili timamu. Kanisa nzima ilifunga juu yake."

Nikaanza kuokota maganda ya vitunguu.

"Amesema nini?" jirani akauliza.

"Amesikitika."

"Maneno yalikuwa mengi kuliko hayo."

Ikabidi niyaseme yote. Jirani alicheka kidogo, mkono mdomoni, kisha akaacha kucheka.

Mama akavuta kiti. "Muambie hivi. Kwetu, kando ya ziwa, walinzi wa wanyama walitukataza kugusa kiboko hata mmoja. Tukatii. Tukalala njaa, viboko wanapumua pale mbele ya nyumba. Kisha askari wakakuja na bunduki, wakawamaliza, wakatuuzia nyama yao. Muambie baba yake akule. Ile unaachia kesho, mutu mwingine atakula leo."

Nilitafsiri nikitazama sakafu.

"Mwambie mama kwetu hakukuja askari," jirani akasema. "Ni sisi. Tuliwinda tukala, tukawinda tukauza mjini. Baba aliuza. Gari letu la kwanza lilitoka kwa nyangumi. Anasema hawezi kumfundisha mtoto kwa kutumia nyangumi wa mwisho."

Sikupata namna nzuri ya kuligeuza neno hilo. Nikalisema lilivyo. Sombe iliungua siku hiyo, na hakuna aliyeinuka kuzima jiko.

Mzee alikufa kabla barafu haijayeyuka, na jirani hakuwa na nauli wala likizo ya kwenda kumzika. Mama akamfanyia matanga, kwa taratibu zetu, maana hatukujua nyingine. Kochi likatolewa likawekwa koridoni, wanawake wa kanisa wakaketi chini, wakaimba, wakaleta sufuria za wali na maharage. Jirani alikaa katikati yao na kitenge cha mama mabegani. Mama mmoja wa kwaya akaniambia nimuulize: kwao, mtu akifa, watu hupikiwa nini?

"Nyangumi," akajibu.

Nililitafsiri kwa sauti ndogo, lakini chumba kizima kilisikia. Wimbo ukakatika. Mama akampakulia wali, akaketi kando yake, akamngoja ale.

Siku hizi jirani anaishi Ilford, upande wa pili wa London. Hupiga simu mara chache, na sasa Kiingereza cha mama kinatosha; hawanihitaji. Hesabu za kule zimeendelea kushuka. Zamu zimefutwa zote, hata kwa wale walioisubiri yao kwa uvumilivu. Yule mjukuu anaendesha lori. Nilimuuliza jirani kama kijana anajua alichoachiwa na babu yake. Akasema nyangumi hawajarudi; hajaachiwa kitu bado, na huenda asiachiwe.