Siku Lorelle Alipopiga Goti Lisilo Lake

Saa saba unusu mchana, Jumatano, mabasi ya wastaafu yanashusha abiria mbele ya ukumbi wa maonyesho katikati ya Melbourne. Nyuma ya jukwaa, Lorelle Pascoe, mwenye miaka arobaini na saba, anapasha koo moto huku akijibandika ndevu. Hajui kama atazihitaji.

Lorelle ni msanii wa akiba. Tamthilia ya muziki inayochezwa hapa inamhusu Mama Quill, mjane mwenye hoteli kwenye machimbo ya dhahabu, na Lorelle anazijua nafasi nane ndani yake, kuanzia nyimbo hadi kikohozi. Mtu akiugua, anaingia yeye. Wiki iliyopita alikuwa mpishi, akawa mtawa, kisha sajenti wa polisi kwa maonyesho matatu mfululizo.

"Watu wanadhani akiba ni makombo," anasema. "Thubutu! Waje wavae gauni huku wanakimbia ngazi tuone."

Anaimba, anacheza, anapiga kodiani. Kazi ikikatika, anafundisha watoto kuogelea. Kwa miaka ishirini na mitano hajawahi kupewa nafasi kuu, na kusema kweli inauma kuliko anavyokubali.

Baba yake, Des, dereva mstaafu wa tramu, treni ya barabarani, haachi onyesho la Jumatano. Macho yake yanafifia na daktari hana la kumpa. Anatamani kitu kimoja tu: kumwona bintiye akiwa katikati ya jukwaa kabla giza halijafunga.

"Namtafuta jukwaa zima," analalamika. "Namuuliza jirani, yule mtawa si Lorelle wangu? Kumbe Lorelle ndiye polisi!"

Wakati wa mapumziko, Imogen, anayeigiza Mama Quill, anafungua kinywa na sauti haitoki. Mwongozaji, Fergal Stokes, anakuja mbio.

"Lorelle, bandua ndevu. Mama Quill ni wewe."

"Sasa hivi?"

"Ulitaka Krismasi?"

Vyumba vyote vya kuvalia vinalipuka kwa kelele. "Kuku, Lorelle! Kuku!" Hapa hakuna anayemtakia msanii heri; husema "kuku", maana zamani ukumbi ukijaa, wasanii walipata hela ya kula kuku, basi neno likabaki hilo.

Anaingia, na anaimba vizuri ajabu. Kisha unafika wimbo wa posa. Sajenti hupiga goti, Mama Quill humkataa. Muziki unaanza, na miguu ya Lorelle, iliyozoea usajenti tangu wiki iliyopita, inafanya ilichozoea. Mjane anapiga goti mbele ya polisi!

Anselm, anayeigiza sajenti, amesimama hana pa kushika.

"Nilishtuka goti liko chini tayari," Lorelle anasimulia. "Nikajiambia, mama wee, miaka yote hii, na nafasi umeiharibu mbele ya baba."

Anselm anakohoa. "Mama Quill, nilikuwa napiga goti mimi. Naona umeniwahi."

"Nikiwasubiri wanaume," Lorelle anajibu hapo hapo, "hoteli itaota nyasi. Nilitaka kukuona kwa karibu, Sajenti. Sasa nimeona. Jibu ni hapana!"

Wastaafu wanaangua kicheko mpaka wapiga muziki wanasubiri. Kisha anauimba ule wimbo wa kukataa akiwa bado kwenye goti, na mwisho wake ukumbi mzima uko wima.

Baada ya pazia, Fergal anamsubiri mlangoni, amekunja uso.

"Lile goti."

"Samahani, Fergal, nime..."

"Libaki. Na ubaki nalo. Imogen anaondoka Agosti, onyesho linapohamia Sydney. Mama Quill wa Sydney ni wewe."

Lorelle anapiga yowe linalosikika hadi kituo cha tramu. Huko ndiko anakomkuta Des, fimbo mkononi, mashavu yamelowa.

"Leo sikukutafuta," anamwambia. "Ulikuwa hapo hapo katikati, mwanangu, na gauni lile jekundu."

Jioni hiyo walikula kuku. Lorelle ameanza mazoezi ya Sydney, na kila siku anapiga lile goti mpaka limechubuka. Des naye ameshaomba kiti cha mstari wa kwanza.

"Agosti macho yakigoma, yagome," anasema. "Nitasikia wanapocheka, nitajua yuko wapi."